Wiki moja na mpwa wangu asiyekwenda shule

Najua nilipotea. Wapo waliouliza kama nimehama mji, na yupo mmoja aliyeuliza kama nimeoa kimya kimya. Sijahama na sijaoa. Mama yangu analijua hilo la pili kuliko nyinyi wote, teh teh teh!

Nilikuwa Buswelu kwa dada yangu, wiki nzima, kuanzia Jumatatu tarehe 1 Septemba 2025 mpaka Jumapili tarehe 7. Nilikuwa na likizo, na kwa mara ya kwanza niliamua likizo yangu niimalizie kwa ndugu badala ya kuimalizia kitandani. Kwa msioijua Buswelu, ni huku juu, upande wa Ilemela, yalipo makao makuu ya manispaa. Ukitoka Sabasaba unapita Kiseke, unapanda, mawe makubwa yanakutazama kushoto na kulia kama wazee wa baraza, unafika. Miaka michache tu huku kulikuwa mashamba ya mihogo. Leo ni nyumba, vifusi vya mchanga na vibao vya viwanja vinauzwa.

Dada yangu ni fundi cherehani. Kibarazani kwake kuna vyerehani viwili, meza ya kukatia nguo, na kwenye kona meza ya tatu, ndogo, yenye daftari, rula, atlasi iliyochanika jalada na chupa ya maji ya lita moja na nusu. Hiyo meza ya tatu ndiyo shule ya mpwa wangu. Sitalitaja jina lake, mtanisamehe. Ana miaka 13, na tangu katikati ya 2023, akiwa darasa la tano, hajakaa darasani.

Naomba nisieleweke vibaya. Dada si miongoni mwa wale wazazi wa mjini waliosoma vitabu kuhusu elimu ya nyumbani wakaamua kwamba shule inaua vipaji. Mtoto ana selimundu. Wenye ugonjwa huu katika familia wanajua ninachosema, na Kanda ya Ziwa tuko wengi. Chembe nyekundu za damu zinajikunja kama mundu, zinaziba mishipa midogo, mtoto anaumwa mifupa mpaka anang'ata shuka. Baridi inaweza kuleta maumivu, maji yakipungua mwilini yanaweza kuja, uchovu vilevile. Kwa hiyo anatakiwa anywe maji mengi, na anayekunywa maji mengi lazima aende msalani mara nyingi. Hesabu rahisi, sivyo?

Shule aliyokuwa anasoma, ya kulipia, hesabu hiyo iliwashinda. Kutoka nje ilikuwa mpaka kengele. Chupa ya maji mezani ilikuwa utovu wa nidhamu. Akiumwa anakosa wiki, akirudi anakuta mtihani wa majaribio, anapata alama za chini, na siku moja dada akaitwa ofisini akaelezwa kwa upole mkubwa kwamba mtoto anashusha wastani wa darasa, na ingekuwa vizuri amtafutie mahali panapomfaa. Alitoka pale na begi la mtoto mkononi. Alipita Buzuruga analia kwenye daladala, abiria wakadhani amefiwa.

Na mimi? Mimi mwandishi wa habari, mtetezi wa wanyonge kwenye karatasi, nilimpigia simu nikamfokea. Nilimwambia anamharibia mtoto maisha, mtafutie shule nyingine haraka. Nilimtajia mpaka sheria: Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inataka mtoto aliyefikisha miaka saba aandikishwe na ahudhurie shule ya msingi. Akanijibu, "Basi njoo unishtaki," akakata. Hatukuongea kwa miezi mitatu.

Ndiyo maana wiki hii ilikuwa na uzito kwangu.

Sasa nimtambulishe mtu wa tatu. Nyumba ya nne kutoka kwa dada anaishi mwalimu mstaafu, mtaa mzima unamwita Bibi Mwalimu. Ni mwalimu wa UPE. Wadogo zangu mnaosoma hapa labda hamkumbuki: baada ya Azimio la Musoma la 1974 nchi iliamua watoto wote waende shule, walimu hawakuwapo, basi vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa kwa maelfu wafunzwe ualimu huku wanafundisha. Masomo yao mengine yalikuja kwa redio na mengine kwa posta. Watu waliwacheka sana walimu wa UPE, na mimi nilikuwa mmoja wa waliocheka nikiwa chuoni Nyegezi. Bibi huyu anasema bila aibu, "Mimi ualimu wangu nimeusomea kwenye redio ya betri, chini ya mwembe. Kwa hiyo mtoto kusomea kibarazani sioni ajabu yake."

Alianza kuja mwenyewe. Alimwona mtoto amekaa na mama yake anakata vitambaa siku za shule, akauliza, akaelezwa, akaondoka bila kusema neno. Kesho yake alirudi na kitabu cha mahudhurio. Cha kweli, kile kikubwa chenye mistari. Ukurasa mzima una jina moja tu.

Jumatatu nilipofika niliwakuta nje, karibu na jiwe moja kubwa lililo nyuma ya nyumba. Saa tatu na nusu asubuhi. Swali la wiki lilikuwa: jiwe hili lina urefu gani, na huruhusiwi kulipanda. Mpwa wangu alisimamisha fimbo ya mita 1, akapima kivuli chake, sentimita 120. Akapima kivuli cha jiwe, mita 7.2. Akakaa kivulini, akanywa maji, akagawanya. Mita 6. "Umejuaje?" Bibi akauliza. Mtoto akaeleza kwamba jua ni moja, kwa hiyo fimbo na jiwe vinapata kivuli kwa kiwango kimoja. Bibi hakumpigia makofi wala kumwambia ana akili sana. Alisema tu, "Andika, na uchore."

Hilo "umejuaje" ndilo neno lake. Nililisikia wiki nzima mpaka nikaanza kuota nalo. Ukisema mvua itanyesha, umejuaje. Ukisema dagaa wamepanda bei, umejuaje. Nimefanya kazi na wahariri ambao hawaulizi hivyo hata mara moja kwa mwezi.

Siku hiyo hiyo mimi nikajiingiza. Nikamwambia mpwa wangu, kwa sauti ya mjomba anayejua mambo, kwamba kivuli kinakuwa kifupi kuliko vyote saa sita kamili mchana, jua likiwa katikati. Bibi akanitazama. "Mjomba umejuaje?" Nikasema hilo kila mtu anajua. "Vizuri," akasema, "basi kesho tupime."

Jumanne kuanzia saa tano na nusu mpwa wangu alikaa chini ya mwembe na saa ya mkononi. Kila dakika 10 anatoka juani, anapima kivuli cha fimbo, anarudi, anaandika, anakunywa maji mafunda matatu. Huo utaratibu wa maji ni wa Bibi, ameuingiza ndani ya kazi ili usiwe dawa. Saa sita kamili kivuli kilikuwa sentimita 28. Nikatabasamu, nikasubiri kianze kurefuka. Saa 6:10 kikapungua. Saa 6:20 kikapungua tena. Saa 6:50 kikafika sentimita 18, halafu saa 7:00 kikaanza kurefuka.

Dada alicheka mpaka akachoma sindano kidoleni.

Niliingia kwenye simu kujitetea, nikakuta najizamisha zaidi. Saa zetu Tanzania zimepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, mstari ambao hata haugusi nchi yetu, unapita huko Somalia karibu na Mogadishu. Mwanza iko karibu na nyuzi 33. Tofauti ni nyuzi 12, na dunia inachukua dakika 4 kuzunguka kila nyuzi moja. Nne mara kumi na mbili, dakika 48. Kwa hiyo saa sita yetu ya mchana ya kweli, wana Mwanza wenzangu, siku zile za mwanzo wa Septemba inafika saa saba kasoro dakika 12. Wenzetu wa Dar jua lao linafika katikati kama dakika 25 kabla ya letu. Mtoto alikokotoa yote hayo kwa atlasi ile iliyochanika, mimi nilikuwa nahakiki tu. Nina shahada, nimeishi Mwanza karibu maisha yangu yote, na nilikuwa sijui mchana wa mji wangu unafika saa ngapi.

Jioni ya Jumanne nilimwambia dada neno ambalo lilinichukua miaka miwili: nilikosea. Hakuuliza nimejuaje. Aliniongezea ugali.

Sasa nitawaambia kuhusu Jumatano, kwa sababu mkiishia Jumanne mtadhani elimu ya nyumbani ni bustani. Usiku baridi iliingia, upepo wa ziwani. Alfajiri nilisikia sauti ambayo nilidhani ni ya paka. Alikuwa mtoto. Miguu yote miwili, kutoka magotini kushuka. Dada alikuwa tayari yupo naye, ana dawa za maumivu, maji ya uvuguvugu, kitenge kilichopashwa kwa pasi. Ameshazoea, na hicho ndicho kilichoniumiza, jinsi mikono yake ilivyokuwa haitetemeki. Tulikubaliana ikifika saa nne hakuna nafuu tunakwenda Bugando, ambako anahudhuria kliniki kila mwezi na faili lake lipo.

Saa mbili Bibi alifika na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai na redio yake. Hakuleta daftari. Alikaa kwenye kigoda pembeni ya kitanda akawasha redio sauti ya chini, akawa anamkanda mguu taratibu huku anasikiliza taarifa ya habari kama mtu aliye peke yake. Hakumwambia mtoto ajikaze. Kuelekea saa nne maumivu yalianza kulegea, akalala. Bibi alipoondoka alichukua kitabu cha mahudhurio mezani akaandika herufi moja: M.

Nilimfuata mpaka nje nikamuuliza maana yake. Mgonjwa. Akanieleza kwamba mwanzoni mtoto alikuwa akiumwa anamka analia, si kwa maumivu, bali kwa sababu anajua ameandikiwa hayupo. Alikotoka, siku zilizokosekana zilikuwa zinasomwa mbele ya darasa. Kwa hiyo Bibi alimwonyesha kitabu chake: aliyepo ana alama, mgonjwa ana M, na asiyepo ni yule ambaye hakuna anayejua aliko. "Huyu hajawahi kuwa hayupo hata siku moja," akasema.

Nilibaki nimesimama pale njiani muda kidogo, bodaboda zinanipigia honi.

Alhamisi aliamka mchovu, wakafanya Kiswahili tu. Kila wiki anaandika barua moja kwa mtu halisi. Wiki ile alimwandikia baba yake, ambaye ni dereva wa lori na alikuwa safari ya Kahama, akimweleza habari ya kivuli na jinsi mjomba alivyoaibika (aliitumia sentensi hiyo kama ilivyo, na Bibi hakuifuta). Kisha bao. Bibi anasema bao ni hesabu yenye hasira. Nilicheza naye mara moja, sitaki kuzungumzia matokeo.

Hapa ndipo mimi, kama waongofu wote wapya, nilipozidisha. Ijumaa jioni Bibi akiwa amekaa kibarazani anatafuna michembe, nikaanza hotuba. Nikasema huyu mtoto anajifunza kuliko watoto 100 waliobanana darasa moja. Nikasema mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, kuanzia Machi 17 mpaka Juni 29, nchi nzima ilisomea nyumbani, na anga halikuanguka. Nikasema tumwache hapa hapa.

Mnisikilize vizuri sasa, maana jibu lake sikulitegemea.

Alisema, "Mimi nataka Januari arudi shule."

Kumbe walikuwa wamekwishaanza. Kulikuwa na shule ya serikali si mbali, na Bibi alikuwa amekwenda mara mbili kuonana na mwalimu mkuu, mara ya pili akiwa na barua ya kliniki. Mwalimu mkuu alikubali kumpokea darasa la sita, akae na chupa yake ya maji, atoke bila kuomba ruhusa, asichapwe, na siku akiumwa mwenzake amletee daftari. Bibi aliyaandika yote hayo kwa mkono kwenye karatasi, akamwomba mwalimu mkuu aisome kwa sauti. Dada ndiye aliyekuwa hajakubali. Alikuwa anaogopa, na nani atamlaumu?

Nikamuuliza Bibi, kwa nini uvunje kitu ulichokijenga mwenyewe? Akaniuliza, "Wewe kazi yako ulipataje?" Nikasema rafiki yangu wa Nyegezi aliniambia kuna nafasi. "Na huyo rafiki ulimpata kibarazani?" Nikanyamaza. Akaendelea, safari hii bila maswali. Alisema ana miaka 65 na presha. Alisema mtoto huyu anajua kuongea na wazee, na fundi, na redio, lakini akikutana na wenzake watano anasimama kama mgeni msibani. Na alisema habari ya karatasi: mtihani wa darasa la saba unafanywa kupitia shule, jina lako lazima liwe kwenye orodha ya shule fulani. Ndiyo, kuna njia ya mbele, unaweza kufanya Mtihani wa Maarifa, ule watu wanauita QT, kisha ukafanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Wapo waliopita huko wakafika mbali. Lakini ni njia ya kupita ukiwa mtu mzima umeamua, akasema, si njia ya kumwekea mtoto kwa sababu watu wazima wameogopa.

Dada alisikia yote. Cherehani kilikuwa kimesimama.

Nitaongeza la kwangu hapa. Sheria yetu haina mlango kwa mtoto wa namna hii. Inasema nenda shule, lakini haiilazimishi shule kumpa ruhusa ya kwenda msalani. Majirani zetu Kenya suala la kusomesha nyumbani limefika mpaka Mahakama Kuu, wazazi wakidai ni haki yao. Mimi wiki ile niliona swali tofauti kabisa. Dada hakuwa anadai haki ya kumfundishia mtoto nyumbani. Alichokuwa anadai ni chupa ya maji mezani, na kwa sababu ya chupa hiyo mtoto alipoteza madarasa mawili. Nyumbani alipata mwalimu mwenye muda, ndiyo, na huo ni utajiri. Lakini ilikuwa bahati. Angehamia nyumba ya nne mtu mwingine, ningekuwa naandika habari nyingine leo. Nyinyi mnasemaje?

Jumamosi tulikwenda Mwaloni, Kirumba, sisi wanne. Anayejua Mwaloni anajua harufu, sina la kuongeza. Mtoto alikuwa na swali kutoka kwa Bibi: kwa nini bei ya dagaa inapanda na kushuka ndani ya mwezi mmoja? Aliambiwa aulize watu watatu na asimwamini wa kwanza. Wa kwanza alimwambia ni serikali. Wa pili alimwambia ni madalali. Wa tatu, mama mmoja aliyekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, alimnyooshea kidole angani ingawa ilikuwa mchana. "Mwezi, mwanangu. Mwezi umekuwa mkubwa." Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na sasa nyingi ni za sola. Taa inawavuta dagaa kwenye giza. Mbalamwezi ikiwaka ziwa zima linakuwa taa, dagaa hawaji kwenye ya mvuvi, mitumbwi mingi inapumzika, mzigo unapungua. Mpwa wangu aliandika yote amesimama, huku watu wanampitia na magunia kichwani. Niliona jinsi alivyouliza: alisalimia kwanza, akasubiri mama amalize kuhesabu chenji, ndipo akauliza. Kuna waandishi wa habari wakubwa hawajui kusubiri chenji.

Lakini nikaona na lile alilosema Bibi. Pembeni kulikuwa na wasichana watatu wa umri wake wanauza vifuko vya plastiki, wanacheka, wakamwita aje. Alinishika mkono.

Kesho yake, Jumapili, ndiyo ilikuwa siku ya kupatwa kwa mwezi. Wengi wenu mliuona. Bibi alikuwa amelisikia redioni akalifanya swali la mwisho la wiki, na pia alifanya jambo ambalo hakutuambia: alipita nyumba kwa nyumba mchana akawaambia watoto waje kwa fundi jioni kuangalia. Nilipotoka ndani kuna watoto kumi na kitu uani, wengine wamepanda kwenye jiwe letu la mita 6, na kati yao wawili waliokuwa darasa moja na mpwa wangu kule shule ya zamani. Wao walikuwa darasa la saba, mtihani wao wa taifa ulikuwa mlangoni. Nilimwona alivyowatambua. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa cherehani.

Mwezi ulianza kuliwa karibu saa moja na nusu usiku. Mawingu yalipita, yakaondoka. Mtoto mmoja mdogo akasema nyoka anameza mwezi, mwingine akasema ni mwisho wa dunia, mzozo ukaanza. Bibi alikuwa kwenye kigoda chake, hakusema kitu kabisa. Alikuwa anamtazama mwanafunzi wake.

"Ni kivuli," mpwa wangu akasema kutoka gizani.

"Kivuli cha nini?" mmoja wa wale wawili akauliza.

"Cha dunia. Jua liko nyuma yetu. Sisi ndio tumelikinga."

"Umejuaje?" Huyo sasa hakuwa Bibi, alikuwa yule msichana wa darasa la saba, na aliuliza kwa ubishi hasa.

Akatoka kwenye kona. Akachukua fimbo ya mita 1, chungwa na taa ya simu yangu bila kuniomba, akawaweka wale wawili wasimame, mmoja jua, mmoja mwezi, akapitisha chungwa katikati. Kisha akawaonyesha juu: ukingo wa kivuli ulikuwa umepinda, haukunyooka. Kwa hiyo kinachokinga ni kitu cha duara. Walibishana. Mmoja alisema sahani nayo ni duara. Akafikiri, akasema sahani ukiigeuza kivuli chake kinakuwa mstari, dunia hata igeuke vipi kivuli ni hicho hicho. Hilo hakufundishwa na mtu wiki ile, nilikuwapo. Saa mbili na nusu mwezi wote ukawa mwekundu kama udongo, na watoto wakanyamaza.

Dada alikuwa amesimama mlangoni, futikamba bado shingoni. Yule msichana wa darasa la saba alimuuliza mpwa wangu sasa anasoma wapi. Akasema nyumbani. Akaulizwa, na mwakani? Akamgeukia mama yake. Wote tukamgeukia.

Dada alisema, "Mlete ile karatasi ya mwalimu mkuu niisome tena," akaingia ndani kutafuta miwani.

Mwezi ulianza kurudi kabla ya saa nne kasoro dakika chache. Watoto walikuwa wameshatawanyika, isipokuwa wale wawili waliobaki wanagawana chungwa na mpwa wangu. Bibi alisinzia kwenye kigoda, nikamsindikiza nyumbani kwake. Njiani aliniuliza kama kesho naondoka na daladala ya saa ngapi. Nikamwambia ya saa sita. Akacheka peke yake mpaka tukafika mlangoni.